Waya Uliotangulia Lami ya Tunduma

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Zambia hupita kwenye mizani ya Mpemba kabla ya kufika Tunduma. Dereva hupunguza mwendo, utingo huchungulia dirishani, na ekseli zikikanyaga bamba la chuma wote wawili huomba kimoyomoyo nambari isizidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake.

Nambari hiyo humfikiaje karani? Katika mizani za elektroniki, chini ya bamba kuna vyuma vilivyobandikwa nyuzi nyembamba. Chuma kikibonyea hata kidogo, upinzani wa umeme katika nyuzi hizo hubadilika. Ufundi huu waliubuni Wamarekani wawili katika miaka ya 1930, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake. Kionyeshi hugeuza badiliko hilo kuwa tarakimu, kisha mara nyingi huzituma kwenye kompyuta kwa waya wa siriali, moja nyuma ya nyingine kama kondoo wanaopita mlango mwembamba.

Waya huo ni mkongwe. Kanuni zake, RS-232, zilitolewa Marekani mwaka 1960 ili kuunganisha teleprinta na modemu za simu. Barabara ya Tunduma ilikuwa bado vumbi na matope. Lami ilikuja baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilipolazimika kutafuta njia ya baharini isiyopita kusini.

Viwandani waya uleule ukapata kazi nyingine. Dick Morley na wenzake walibuni Modicon 084, kidhibiti cha kuondoa makabati yaliyojaa rilei. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ikatoa Modbus, utaratibu wa kifaa kimoja kuuliza na kingine kujibu. Skrini ya kugusa ilikwisha elezwa na Mwingereza E. A. Johnson mwaka 1965. Skrini na kidhibiti vilipokutana, vitufe na taa za mlangoni mwa kabati vikahamia kwenye kioo kimoja.

Kuviunganisha mara nyingi hutaka nyaya tatu tu. Kwenye plagi ya pini 9 ya kompyuta, pini ya 2 hupokea, ya 3 hutuma, ya 5 ni athi. Vifaa viwili vilivyopangwa hivyo ukiviunga 2 kwa 2 na 3 kwa 3, vyote vitasema na hakuna kitakachosikia. Lazima nyaya zipishane. Zikizidi mita 15 hivi, mawasiliano huanza kuyumba, hasa karibu na mota. RS-485 ya mwaka 1983, yenye nyaya mbili zilizosokotwa, hufika mita 1,200.

Fundi, skrini mpya ikikutolea takataka badala ya nambari, usikimbilie kuirudisha dukani. Tazama kwanza kasi: 9600 upande huu na 19200 upande ule hazielewani.