Kulala kwa Bankambo Wetu: Kutoka Musamo Hadi Matela

Kwetu Malemba-Nkulu, asubuhi mtu hakuulizi kwanza habari za kazi wala habari za pesa. Anakuuliza usiku. "Mulilala muzuri?" Ndiyo salamu yenyewe. Mtoto akisalimiwa na mkubwa anaitika kwa heshima, "Eyo Vidye", ndipo mengine yafuate.

Siku moja niliuliza wanafunzi wangu darasani: kwa nini tunaanza na usiku? Mmoja akajibu: "Mwalimu, ni juu usiku mtu anaweza kufa." Darasa lote likacheka. Lakini mimi, nilipofika nyumbani, niliona kwamba jibu lake lilikuwa karibu na ukweli kuliko lile nililotayarisha kwenye daftari langu. Ndiyo sababu nimechagua kuandika juu ya kulala. Tumekwisha kuandika mengi juu ya ndoa, juu ya wafalme na juu ya uvuvi. Lakini sehemu ya tatu ya maisha ya mtu inapita akiwa amelala, na sehemu hiyo nayo ina historia yake.

1. Kulala kando ya maji

Tangu zamani watu wanalala kwenye kingo za Lualaba. Mwaka 1957 wataalamu wa mambo ya kale walichimba makaburi ya Sanga, kwenye Ziwa Kisale. Mwaka 1975 Pierre de Maret alichimba hapa kwetu penyewe, Malemba-Nkulu, na pia Kamilamba na Kikulu. Waliyoyakuta yanaonyesha kwamba watu wamekaa katika bonde hili zaidi ya miaka 1000, wakivua, wakifinyanga vyungu na kufua chuma. Wafu wao waliwalaza na vyungu vyao kando, kama mtu anayekwenda kulala na kesho ataamka ale.

Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyepita nchi yetu mwaka 1874 na 1875, aliona kwenye ziwa dogo la Mohrya nyumba zilizojengwa juu ya nguzo ndani ya maji, na akaandika pia habari za visiwa vya majani vinavyoelea kwenye Kisale. Hata leo kuna wavuvi wa Kisale wanaolala juu ya mafunjo yanayoelea. Ukilala kule, usiku unasikia nyumba inapumua chini yako. Mgeni hapati usingizi. Mwenyeji akija nchi kavu, yeye ndiye hapati.

Cameron huyo alikaa miezi kadhaa kwenye mji wa Mulopwe Kasongo Kalombo. Aliandika kwamba usiku mfalme alitumia wake zake kama vyombo vya nyumba: wengine walipiga magoti na mikono kuwa kitanda chake, wengine walilala chini kuwa mkeka. Ninawaambia wanafunzi waisome habari hiyo kwa akili. Mgeni hakuingia katika nyumba ya mfalme usiku. Aliambiwa. Labda ni kweli, labda ni maneno ya watu waliotaka kumshangaza mzungu, labda ni ya watu waliomchukia mfalme. Lakini hata kama ni uongo, inatufundisha kitu: kulala kwa mfalme kulikuwa jambo la serikali. Mtu wa kawaida alilala juu ya kilago, na hakuna aliyeandika habari zake.

2. Musamo

Kilago kilikuwa kwa ajili ya mwili. Kichwa kilikuwa na chombo chake: musamo. Ni kiti kidogo cha mti, urefu wake karibu na kiganja kimoja au zaidi kidogo. Mtu alilala kwa ubavu, akaweka musamo chini ya shingo na nyuma ya sikio, kichwa kikabaki hewani.

Vijana wanaona ni mateso. Tusiharakishe. Bankambo wetu, wanaume kwa wanawake, walikuwa na misuko ya nywele iliyochukua saa nyingi, pengine siku, kumaliza. Mtu ambaye ametumikia kichwa chake siku mbili hawezi kukiponda kwenye mkeka kwa usiku mmoja. Musamo ulilinda kazi hiyo. Tena ulitenga kichwa na vumbi na wadudu wa chini, na upepo ukapita chini ya shingo wakati wa joto. Si sisi peke yetu tuliofikiri hivyo. Washona wa Zimbabwe wana mutsago wao. Waturkana wa Kenya na Wasomali nao wana vyao. Na kaburi la mfalme Tutankhamun wa Misri, lililofunguliwa mwaka 1922, lilikutwa na vya namna hiyo.

Kuna jambo lingine. Kwa Waluba, usingizi si kuzima tu kama taa. Katika ndoto bankambo wanasema na watu wao. Jina la mtoto linaweza kuletwa na ndoto. Safari inaweza kuahirishwa kwa sababu ya ndoto. Basi chombo kinachobeba kichwa usiku si sawa na kiti cha kukalia jikoni. Kilikuwa mali ya mtu mmoja, naye hakukiazimisha ovyo.

Misamo mizuri kuliko yote ilichongwa katika karne ya 19, upande wa Waluba Shankadi. Wataalamu wa sanaa hawajui jina la fundi, hivyo wamemwita kwa kazi yake: Fundi wa Nywele za Maporomoko, maana wanawake aliowachonga wana nywele zinazoshuka ngazi kwa ngazi kama maji yanayoanguka. Kazi za karakana yake ziko London na katika miji mingine ya mbali. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, nayo ina misamo ya Waluba. Mmisionari W.F.P. Burton, aliyefika Mwanza mwaka 1915, alikusanya vyombo vingi vya Waluba, na leo vingine viko Tervuren na vingine kwenye chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg.

Mimi niliona musamo mmoja tu nyumbani. Ulikuwa wa nkambo wangu mwanamke, usio na sura ya mtu, mti mtupu uliong'aa kwa mafuta ya shingo. Nilikuwa na miaka kama saba. Alikuja mchuuzi, akaupima kwa macho, akatoa kitenge kimoja na chumvi. Nkambo aliuuza. Usiku ule alijaribu kulala juu ya nguo iliyokunjwa, nikamsikia anageuka, anageuka. Asubuhi nilimuuliza kama alilala muzuri. Akanijibu: "Nimelala na chumvi." Musamo wa pili niliuona Lubumbashi, nikisoma pedagogi, katika picha ya kitabu. Nilifunga kitabu, nikatoka nje kidogo.

3. Usiku ulikuwa na sehemu mbili

Mtoto hakulala na wazazi wake. Akiacha ziwa na kuanza kuelewa maneno, alipelekwa kwa nkambo. Tulikuwa tunalala wajukuu watano juu ya bilago viwili, miguu kuelekea moto. Moto ule ulikuwa taa, blanketi na dawa ya imbu pamoja. Moshi ulitoa machozi, lakini imbu nao hawakuupenda.

Nkambo hakulala kwa mkupuo. Alilala mapema, akaamka usiku wa manane, akasukuma kuni, akahesabu miguu yetu kwa mkono, akatoka kusikiliza nje, kisha akalala tena hadi jogoo. Zamani nilifikiri ni uzee. Lakini mwanahistoria Mmarekani Roger Ekirch alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2005 kwamba huko Ulaya pia, kabla ya taa za barabarani na saa za viwanda, watu wengi walilala mara mbili, na katikati wakaamka kusali, kuongea au kuangalia mifugo. Na mwaka 2017 watafiti waliandika juu ya Wahadza wa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi: kati ya watu wazima 33, kwa usiku 20, dakika ambazo wote walikuwa wamelala pamoja zilikuwa 18 tu. Karibu daima kulikuwa na mmoja macho, maana vijana wanachelewa kulala na wazee wanaamka mapema.

Basi nkambo hakuwa mgonjwa wa usingizi. Alikuwa mlinzi. Sisi tulilala fofofo kwa sababu yeye hakulala fofofo.

4. Usingizi uliogeuka ugonjwa

Mwanzoni mwa karne ya 20 nchi hii ilijua usingizi wa namna nyingine: malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mtu alisinzia mchana akila, usiku akakesha, akakonda, akapotewa na akili, akafa. Wakoloni walipima watu shingoni wakitafuta matezi, wakazuia safari bila karatasi ya daktari, wakachoma sindano za atoxyl, dawa yenye arseniki ambayo ilipofusha baadhi ya wagonjwa. Nadhani toka hapo ilibaki hofu. Nkambo hakukubali mtoto alale mchana. Ukisinzia baada ya chakula alikumwagia maji. Hatukujua kwamba alikuwa anatupima.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1918 ilifika Bukama, na vijana wa Lualaba wakapanda kwenda kufanya kazi za Union Minière. Huko walijifunza kulala kwa saa: kazi ya usiku, kazi ya mchana, kitanda, blanketi. Aliyerudi na blanketi alikuwa mtu. Aliyerudi na kitanda cha chuma, jirani walikuja kukiangalia. Baadaye ikaja matela: kwanza gunia lililojazwa majani makavu, halafu sponji. Pamoja na matela ikaja koseni, na musamo ukaenda kukaliwa na watoto, kisha kwa wachuuzi. Nywele nazo zilikuwa zimekatwa, maana shule na misheni zilipenda kichwa kifupi. Hakuna aliyekataza musamo kwa sheria. Ulikosa kazi tu.

5. Miaka ya kulala nje

Sasa nafika mahali pagumu. Katika miaka ya vita, na hasa toka 2002 hadi 2006, wakati Mai-Mai na askari walipogeuza vijiji vya Katanga ya kaskazini na ya kati kuwa uwanja wa mapigano, watu wengi wa kwetu waliacha vitanda. Ilikuwa hivi: mchana unarudi nyumbani, unapika, unaangalia kama mlango bado upo, jua likielekea kushuka unachukua kilago na watoto, unakwenda kulala porini au kwenye matete ya mto. Bila moto, maana moto unaonekana. Basi imbu walitula. Mama walifunga midomo ya watoto wachanga kwa mkono. Siwezi kusema ni wangapi waliuawa na bunduki na wangapi na malaria ya kulala nje. Katika familia yetu malaria ilichukua wengi zaidi.

Wazee waliosahau kulala mara mbili walikumbuka haraka. Tulipangana zamu. Mimi, mwalimu kijana, nilijifunza upya kazi ya nkambo: kuhesabu miguu kwa mkono gizani.

Vita iliisha, lakini si kila kitu kiliisha. Mpaka leo nalala na viatu karibu na mlango, vikiangalia nje. Suruali iko juu ya kiti, si katika sanduku. Silali chali, nalala kwa ubavu wa kulia, sikio la kushoto juu, lisikie. Matela laini siitaki, inameza sauti. Watoto wangu wananicheka: "Papa, vita iko wapi?" Nafurahi wanavyocheka. Lakini viatu sivigeuzi.

6. Na sasa?

Leo kila nyumba inajua mustikere yenye dawa. Ni kitu kizuri kuliko moshi wa nkambo, tuseme wazi. Lakini ukitembea kwenye beach asubuhi unaona mustikere nyingine ziko ndani ya maji, zinavua samaki. Matundu yake madogo yanachukua hata watoto wa samaki, na dawa yake si rafiki wa maji. Mvuvi nilipomuuliza alinijibu: "Mwalimu, mwenye njaa halali hata ndani ya mustikere." Sikupata la kumjibu. Lakini mwanawe mwenye homa naye halali. Hilo ndilo fundo, na watu wa Malemba ndio watalifungua.

Adui mwingine ni simu. Vijana wanalala na taa ndogo usoni hadi usiku wa manane. Wako macho kama nkambo, lakini hawamlindi mtu. Darasani saa ya kwanza nafundisha vichwa vilivyolala juu ya meza, bila musamo.

Mimi sisemi turudi kwenye kilago na moto. Ninaomba mambo mawili. La kwanza: tuwaulize wazee wetu, walio bado hai, walikuwa wanalala namna gani, na nani, juu ya nini, waliota nini, na tuyaandike. Misamo iko mbali, lakini shingo zilizoitumia zimebaki chache hapa hapa. La pili: salamu yetu tusiiseme kwa mdomo tu. Tunapomuuliza mtu "Mulilala muzuri?" tusimame tungoje jibu. Kuna wengine kati yetu ambao, toka miaka ile, hawajalala bado.