Mtoto karudishwa bila chanjo? Fahamu utaratibu na haki zako

Mama anatoka nyumbani alfajiri na mtoto mgongoni. Anafika zahanati, anaambiwa watoto waliokuja ni wachache, arudi wiki ijayo. Swali hili mnatuuliza mara kwa mara: je, ni sawa?

Tuanze na chanjo inavyotufikia. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975. Chanjo hupatikana kwa fedha za Serikali na wadau kama Gavi na UNICEF, kisha husafirishwa kutoka bohari ya taifa hadi mkoani, wilayani na kwenye jokofu la zahanati. Njia yote hiyo nyingi hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kijiji kilicho mbali hupelekewa kwa kasha la baridi, ndiyo ile huduma ya mkoba.

Sasa tuje kwenye kurudishwa. Chanjo ya surua na rubella ni ya unga, na chupa moja kwa kawaida ina dozi 10. Ya kifua kikuu huwa na dozi 20. Ikishachanganywa na maji yake, inatumika kwa muda usiozidi saa 6, inayobaki inamwagwa. Mhudumu anaogopa kuulizwa kwa nini amemwaga dozi 9. Tunamwelewa, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ya surua ifunguliwe hata kama amekuja mtoto mmoja tu. Dozi inaagizwa nyingine. Mtoto aliyerudishwa huenda asirudi tena, na surua inaua.

Kwa hiyo, mama, usiondoke kimya. Omba kwa upole mtoto achanjwe leo. Ikishindikana, uliza siku kamili ya kurudi na iandikwe kwenye kadi.

Ratiba yenyewe ni hii. Akizaliwa: kifua kikuu na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14: polio, nimonia na ile ya pamoja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda na homa ya ini, ya kuhara huanza wiki ya 6. Miezi 9 na miezi 18: surua na rubella. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupata ya saratani ya mlango wa kizazi. Hiyo ya miezi 18 ndiyo wengi wanaisahau, maana mtoto keshatembea na kliniki imesahaulika.

Kwenye vituo vya Serikali chanjo hizi ni bure. Ukiombwa hela ya chanjo, ya sindano au "ya soda", hiyo si ada. Piga TAKUKURU namba 113, bila malipo.

Umehama au umeenda kujifungulia kwa mama yako? Mtoto anachanjwa kituo chochote, si lazima alikozaliwa. Kadi ikipotea asikataliwe, ataandikiwa nyingine. Amechelewa? Haanzi upya, anaendelea alipoishia. Mafua au homa kidogo si sababu ya kumrudisha. Na una haki ya kuuliza: hii ni chanjo gani, inazuia nini, nitegemee nini usiku?

Usiku huo mtoto anaweza kupata joto, kulia, au kuvimba kidogo alipochomwa. Hayo hupita ndani ya siku chache. Akipata degedege, akishindwa kupumua au kunyonya, mrudishe kituoni haraka, saa yoyote, na useme alichanjwa lini. Mhudumu anatakiwa kuliandika tukio hilo na kulipeleka wilayani.

Usiporidhika na huduma, anza na mganga mfawidhi wa kituo. Asipokusikiliza, nenda kwa mtendaji wa kijiji au kamati ya afya ya kituo, kisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Wizara ya Afya nayo inapokea simu kwa namba 199, bure. Ukipiga, uwe na kadi mkononi: watataka jina la kituo na tarehe uliyorudishwa.