Njegere za Abati na Swali la Wanafunzi

Wamisionari wa Leipzig walipofungua kituo cha Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, mwaka 1902, kazi ya Gregor Mendel ilikuwa imefufuliwa miaka miwili tu kabla. Mendel alikuwa mtawa wa Kiaugustino mjini Brno. Alieleza matokeo yake mwaka 1865, akafa akiwa abati mwaka 1884, na wataalamu karibu wote hawakumjali.

Jaribio lake moja linatugusa zaidi. Alikuwa na njegere chotara, za mviringo na za manjano, ambazo kwa macho hazikutofautiana na zile safi. Zilibeba nini ndani? Alizichavusha na aina ya kijani yenye makunyanzi. Aina hiyo haiwezi kuficha kitu, kwa kuwa sura yake huonekana pale tu jeni zinazotawala zinapokosekana kabisa. Zikapatikana punje 208 za makundi manne: 55 za mviringo na manjano, 51 za mviringo na kijani, 49 za manjano zenye makunyanzi, na 53 za kijani zenye makunyanzi. Zingekuwa safi, punje zote zingefanana. Wazao ndio waliomfichua mzazi. Mfugaji naye humpandisha fahali asiye na pembe kwa majike wenye pembe. Ndama mmoja akiota pembe, siri ya baba imetoka.

Injili ilifika Meru pamoja na shule. Habari hii ya njegere ilichelewa, na kuchelewa kwake kuliwaumiza watu. Mtoto mwenye ualbino alipozaliwa kwa wazazi weusi, mara nyingi mama ndiye aliyeulizwa amempata wapi, au amekosa nini. Wako waliorudishwa kwao na mtoto mgongoni. Na sisi tulioketi nao kanisani hatukusema neno.

Binadamu hazalishwi ili apimwe, lakini mtoto yule alikuwa amekwisha kujibu: kwa ualbino ulio wa kawaida kwetu, jeni moja hutoka kwa mama na moja kwa baba. Wazazi wote wawili wakiibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Aliyemfukuza mkewe alikuwa anaibeba pia.

Wanafunzi walipomwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, kipofu yule au wazazi wake, alilikataa swali lenyewe. Katika darasa la kipaimara sura hiyo ya Yohana tunaifundisha kila mwaka. Njegere tumewaachia walimu wa baiolojia.