Wageni Waliofika Kabale

Ikiwa una Biblia karibu nawe, fungua Injili ya Luka sura ya 10, uiweke mbele yako tunapozungumza.

Katika sura hiyo Bwana Yesu anawachagua wanafunzi sabini na kuwatuma wawili wawili wamtangulie katika kila mji aliokusudia kuufikia. Hakuwapa fedha, wala mkoba, wala viatu vya akiba. Aliwaagiza wakae katika nyumba moja, wale watakachopewa, na wawatakie wenyeji wao amani. Ilikuwa safari fupi. Walikwenda, wakarudi wakiwa na furaha, wakatoa habari zao.

Lakini, ndugu msikilizaji, umewahi kujiuliza kwa nini aliwatuma wawili wawili? Kama kila mtu angekwenda peke yake, wangefika katika miji mingi zaidi. Liweke swali hilo moyoni. Tutalirudia.

Mwezi wa Agosti, shule zinapofungwa, makanisa yetu mengi hapa Kenya hutuma vikundi kwenda misheni katika miji midogo ya mashambani. Basi hukodiwa, sufuria na magodoro hupakiwa, vipaza sauti hufungwa juu ya gari, na kwa juma zima mji ule husikia nyimbo asubuhi na jioni. Ni kazi njema, wala sisemi hivyo kwa kusikia tu. Nimekwenda mwenyewe mara nyingi.

Katika safari moja ya ujana wangu, mimi na mwenzangu tulilazwa katika nyumba ya mama mzee, mjane. Siku ya tatu tulikosana juu ya fedha za chakula, ambazo mwenzangu ndiye aliyezitunza. Nilihesabu, nikaona zimepungua, nikamwambia maneno makali. Tangu hapo tulipita nyumba kwa nyumba pamoja, yeye ameshika Biblia, mimi nimeshika vijikaratasi vya Injili, wala hatukusemezana ila mbele ya watu. Jioni ya siku ya tano yule mama alituandalia ugali na mboga, akaketi, akatutazama. Akauliza, "Wanangu, mbona hamsemezani?"

Hakuna aliyemjibu. Usiku ule nilisimama uwanjani nikahubiri juu ya amani ya Mungu. Watu waliinua mikono, tukaandika hesabu yao katika daftari, tukarudi nyumbani na taarifa ya ushindi. Lakini swali la yule mama hatukuliandika. Yeye alijua habari ambayo kanisa letu halikuambiwa.

Kwa sababu ya swali hilo ninapenda leo tuikumbuke safari nyingine fupi, ambayo matunda yake yalifika mpaka kwetu Kenya. Ni safari ya kwenda Kabale, mwezi wa Septemba, mwaka 1935.

Kabale ni mji ulioko katika milima ya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Rwanda. Siku zile ulikuwa mji mdogo sana, wenye baridi na ukungu wa asubuhi. Mwaka 1921 walifika huko madaktari wawili Waingereza, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, wakajenga hospitali. Kanisa likakua, shule zikaongezeka vijijini, na watu wengi wakabatizwa. Lakini katika miaka ya 1930 wachungaji walianza kuona huzuni. Wengi walikuwa wamepokea jina jipya bila kupokea moyo mpya. Jumapili walikuwa kanisani, na siku nyingine pombe, hirizi, wizi na chuki viliendelea kama zamani. Kasisi Mwingereza aliyekuwa Kabale, Lawrence Barham, aliomba timu ije kufanya mkutano wa kiroho kwa siku chache.

Timu ile ilitoka Gahini, mahali palipo juu ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Wabelgiji. Miongoni mwao walikuwamo Daktari Joe Church, Mwingereza; Yosiya Kinuka, kiongozi wa wasaidizi Waafrika katika hospitali ya Gahini; na Blasio Kigozi, mwalimu kijana kutoka Buganda. Kutoka Kampala alikuja kaka yake Blasio, Simeoni Nsibambi.

Ukiwatazama kwa macho ya siku zile, hawa hawakuwa watu wa kukaa pamoja. Mmoja Mzungu, wengine Waafrika. Mmoja daktari, mwingine msaidizi wake. Na nyuma yao ilikuwako historia chungu.

Daktari Church alifika Gahini mwaka 1928, na mara njaa kubwa ikaipiga nchi. Alifanya kazi mpaka nguvu zikamwisha. Waliokuwa na njaa walikuwa wengi kuliko chakula, wagonjwa wengi kuliko vitanda, na katika hospitali yenyewe palikuwa na manung'uniko kati ya Wazungu na Waafrika. Mwaka 1929 alikwenda Kampala apumzike, akiwa mtu aliyeishiwa. Huko, katika kilima cha Namirembe penye kanisa kuu, alikutana na Nsibambi, ambaye naye alikuwa akimtafuta Mungu kwa kiu. Wakaketi pamoja siku mbili, wakisoma Biblia na kuomba. Siku hizo mmisionari alizoea kufundisha na Mwafrika alizoea kufundishwa. Hawa wawili waliketi kama wanafunzi wa Mwalimu mmoja, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake.

Yosiya Kinuka naye alikuwa na uchungu wake. Kazi ya hospitali ilikuwa imemchosha, na moyo wake ulikuwa umewageukia wakubwa wake. Alitumwa Kampala kumwona Nsibambi. Bila shaka alitazamia kupata mtu wa kumhurumia. Lakini Nsibambi alimwambia kwa upendo kwamba shida ya hospitali ilianza katika moyo wake yeye Yosiya. Neno hilo lilimchoma. Alipokuwa njiani kurudi alisalimu amri mbele ya Mungu, akafika Gahini akiwa mtu mwingine, na wenzake kazini wakauona ubadiliko wake.

Mwisho wa mwaka 1933 wakristo wa Gahini walifanya mkutano wa Neno la Mungu na maombi. Mmoja alisimama akaungama dhambi yake waziwazi, kisha mwingine, na mwingine tena, mpaka saa zikapita. Waliokuwa wakinong'onezana nyuma ya milango walianza kusemezana uso kwa uso.

Basi, wapendwa, timu iliyokwenda Kabale miaka miwili baadaye ilikuwa ya watu waliokwisha kupatanishwa. Hawakuja na fedha wala mpango wa jengo jipya. Walifundisha kwa utaratibu mambo ambayo kila mwanafunzi wa katekisimu aliyajua: dhambi, toba, kuzaliwa mara ya pili, kutoka Misri ya maisha ya kale, na kujazwa na Roho Mtakatifu. Watu wa Kabale walikuwa wamekwisha kuyasikia maneno hayo. Ila hawakuwa wamemwona Mzungu na Mwafrika wakisimama upande kwa upande, kila mmoja akisema, "Mimi nilikuwa mwenye dhambi, huyu ni ndugu yangu, na damu ya Yesu imetusafisha sote." Neno walilolizoea likawa jipya kwa sababu waliliona lina miguu.

Siku za mkutano zikaisha, wageni wakarudi kwao. Kazi haikuondoka nao. Katika miezi iliyofuata watu wa Kigezi walilia kwa ajili ya dhambi zao, makanisani na hata majumbani. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa. Maadui walikwenda kuomba msamaha. Waume waliungama kwa wake zao. Na wale waliookoka hawakungoja timu nyingine kutoka mbali. Waliunda vikundi vyao wenyewe, wakaenda kwa miguu kilima kwa kilima kuwashuhudia jirani.

Blasio Kigozi hakuishi kuyaona mengi ya hayo. Mwezi wa Januari 1936, miezi minne tu baada ya Kabale, alikwenda Kampala akiwa na mzigo wa kulisihi Kanisa liamke. Akashikwa na homa, akafa angali kijana. Kifo chake hakikuuzima moto. Mwaka 1937 timu ya uamsho ilivuka mpaka, ikafika kwetu Kabete, karibu na Nairobi. Ndipo mbegu ilipopandwa hapa Kenya. Wako wasikilizaji ambao babu na nyanya zao waliokoka katika uamsho huo, wale ambao Uganda waliitwa walokole, na huku Gikuyuni ahonoki. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo, na pia walikataa kushika bunduki za serikali, kwa kuwa hawakuweza kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Wengine walilipa imani hiyo kwa maisha yao.

Mwaka 1945, miaka kumi kamili baada ya mkutano ule, maelfu ya watu kutoka nchi mbalimbali za Afrika Mashariki walikusanyika tena Kabale kumshukuru Mungu. Ni mji mdogo uliowahi kupokea wageni wachache kwa siku chache!

Nisiseme kwamba kila jambo lilikuwa safi. Uamsho ulileta mabishano pia. Wako waliojivunia kuungama kwao, wako waliowahukumu wachungaji na kuwadharau wasioshuhudia kama wao, na makanisa mengine yaliumizwa. Shetani huweza kutumia hata machozi ya toba kuwa vazi la kiburi. Lakini mti hutambulikana kwa matunda yake, na tunda moja la Kigezi napenda ulikumbuke.

Festo Kivengere alikuwa kijana wa Kigezi, aliyeokoka katika siku za uamsho huo. Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi, na kiti chake kikawa Kabale. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa katika utawala wa Idi Amin. Kivengere naye alitafutwa. Usiku, yeye na mkewe walipanda milima kwa miguu, wakavuka mpaka, wakaingia Rwanda. Nchi ile iliyokuwa imewaletea watu wa Kabale habari ya msamaha sasa ikampokea askofu wao akiwa mkimbizi. Tena hakutoka na chuki. Alitangaza kwamba amemsamehe Amin, akaandika kitabu juu ya jambo hilo. Alifariki hapa Nairobi mwaka 1988, akiwa bado mhubiri wa upatanisho.

Sasa turudi kwa swali letu. Kwa nini Bwana aliwatuma wawili wawili? Naamini sababu moja ni hii: mtu mmoja anaweza kusema habari ya amani, lakini wawili wanaweza kuonyesha amani. Mwenyeji anayewapokea huwasikiliza wanapohubiri, lakini pia huwatazama wanapoteka maji, wanapogawana chakula, wanapodhani hakuna anayewaona. Kwa juma moja watu wa mji mdogo husoma maisha yetu, na kitabu hicho hubaki kwao gari linapoondoka.

Kwa hiyo, ndugu mnaojiandaa kwenda misheni, kusanyeni magodoro na sufuria, hakuna ubaya. Lakini kabla ya kufunga mizigo, ketini pamoja. Mwenye neno na mwenzake alimalize nyumbani. Mzee wa kanisa asione haya kumwomba kijana msamaha, wala tajiri kumwomba maskini. Nanyi mnaopokea wageni, msingoje waje ndio Mungu aanze kazi. Watu wa Kabale waliendelea wageni walipokwisha kuondoka.

Mimi nilichelewa. Miaka mingi ilipita kabla sijakwenda kwa yule mwenzangu. Alinikaribisha chai, nikamwambia kilichonileta. Akaenda chumbani, akarudi na daftari lake la zamani, tukazihesabu tena zile fedha za chakula, senti kwa senti. Hesabu yake ilikuwa sawa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekosea kujumlisha. Tuliomba pamoja, tukalia. Kisha tukakubaliana kwenda kumwona yule mama na kumpa jibu la swali lake. Tulipofika tuliambiwa kwamba alikuwa amekwisha kuzikwa.

Ndugu yangu, dada yangu, kama yuko mtu usiyesemezana naye, usingoje kama nilivyongoja mimi. Nenda leo, kungali mapema.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetupatanisha nawe kwa msalaba, tupatanishe sisi kwa sisi. Usitutume kwa wengine na amani ambayo sisi wenyewe hatuna. Wabariki wote waliomo katika miji midogo wanaotufungulia milango yao, na utufanye tuwe habari njema kwao. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.