Neno "Co-operation" na Kahawa ya Kilimanjaro

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya neno moja la Kiingereza ambalo kila aliyepita mlango wa shule amekwisha kulisikia, nalo ni "co-operation". Neno hili hutumika sokoni, ofisini, darasani na katika barua za serikali. Lakini wengi hulitumia bila kulipima, na hapa Moshi, katika miteremko ya Kilimanjaro, kutolipima neno hili kuliwahi kuleta hasara.

Siku moja katika chuo cha walimu tuliwapa wanafunzi wetu sentensi za Kiingereza ili wazifasiri kwa Kiswahili. Moja ilisema kwamba mwizi aliyekamatwa alifanya "co-operate" na askari. Kijana mmoja akaandika, "Mwizi alishirikiana na askari." Darasa zima likacheka, maana msomaji wa Kiswahili akiona maneno hayo ataelewa kwamba askari naye ni mwizi, wamekula njama pamoja. Kumbe Mwingereza alitaka kusema tu kwamba mwizi yule hakupigana wala hakukimbia, bali aliyajibu aliyoulizwa. Kijana aliona haya, lakini sisi tulimshukuru, kwa kuwa kosa lake lilituonyesha kwamba neno hili lina maana mbili.

Asili ya neno ni Kilatini: sehemu ya kwanza ni "pamoja", na ya pili ni "kufanya kazi". Basi maana ya kwanza ni hii: watu kutia nguvu zao katika kazi moja, kwa hiari na kwa shauri lao wenyewe, kisha kugawana faida na hasara. Maana ya pili ni nyingine kabisa. Mwenye amri amwambiapo aliye chini yake "co-operate", mara nyingi ataka kusema, "Usibishe, fanya ulivyoagizwa." Mwingereza ana neno moja kwa mambo hayo mawili, nasi Waswahili tunayatenga. La kwanza twaliita kushirikiana, na la pili kutii au kuitikia. Neno letu ushirika limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa shirika. Ndani yake mna habari ya fungu. Mshirika ni mwenye fungu lake katika jambo, na asiye na fungu haitwi mshirika hata akitoka jasho kutwa nzima.

Watu wa Kilimanjaro walilijua jambo lenyewe kabla hawajalisikia neno la Kiingereza. Tazameni mifongo, yaani mifereji ichukuayo maji kutoka vijito vya mlimani mpaka katika vihamba vya migomba. Mtu mmoja hawezi kuchimba mfongo peke yake. Wenye kutumia maji ya mfongo mmoja walikutana, wakazibua matope na kuziba palipobomoka, na kila mmoja akapewa zamu yake ya maji. Aliyekosa kufika kazini bila udhuru alitozwa faini au alinyimwa zamu. Angalieni vizuri: sheria ilikuwapo, na adhabu ilikuwapo. Lakini sheria hiyo ilitungwa na wale wale walioyanywa maji, na mwenye neno aliweza kulisema barazani.

Huko Uingereza nako, katika mji wa Rochdale, mwaka 1844, mafundi 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walichoshwa na wenye maduka waliouza unga uliochanganywa na uchafu kwa mizani ya uongo. Kila mmoja akatoa paundi moja, wakafungua duka lao. Waliweka masharti machache: mizani iwe ya kweli, faida igawanywe kwa kadiri mtu alivyonunua, na kila mwanachama awe na kura moja, awe tajiri au maskini. Kwa mfano wao neno "co-operation" likapata sifa duniani.

Sasa turudi mlimani kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19 mapadre wa Kikatoliki walipanda mibuni katika misheni ya Kilema. Baada ya vita kuu ya kwanza, Bwana Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Moshi, aliwahimiza Wachagga kupanda kahawa katika vihamba vyao. Walowezi wa Kizungu wengi walichukizwa. Walisema kwamba mibuni ya Waafrika italeta magonjwa katika mashamba yao, tena waliogopa kukosa vibarua, maana mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine. Jirani zetu wa Kenya wakati huo walikuwa wamezuiwa kupanda kahawa.

Wachagga wakaona kwamba mtu mmoja mmoja hatashindana na maneno hayo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1925 wakaunda chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, kilichojulikana kwa herufi KNPA, na Joseph Merinyo, mzaliwa wa mlimani, akawa rais wake. Chama kilishughulika na kupambana na wadudu wa mibuni, kuuza kahawa kwa pamoja, na kutetea haki ya Mwafrika ya kuilima. Hatusemi kwamba chama hicho hakikuwa na dosari. Mambo ya fedha yalikisumbua, na uhasama wa wakubwa ulikisumbua zaidi. Lakini kilizaliwa na wenye kahawa wenyewe.

Mwaka 1932 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 chama cha zamani kikaondoka, ikaingia KNCU, yaani muungano wa vyama vya ushirika vya Kilimanjaro. Chini yake vilikuwapo vyama vidogo vya msingi katika nchi za Mangi mbalimbali. Meneja wake alikuwa Mwingereza, Bwana A. L. B. Bennett. Kwa sheria, huu ulikuwa ushirika kamili: wanachama, kamati, hesabu na mizani. Kisha mwaka 1934 ikatoka amri kwamba kila Mchagga mwenye kahawa aiuze kwa njia ya KNCU, wala si kwa mfanyabiashara mwingine.

Hapo ndipo maana mbili za neno letu zilipogongana. Wakubwa waliposema "co-operation" walikuwa na sababu. Ikiwa nusu ya wakulima watauza chamani na nusu barabarani, chama hakitakuwa na nguvu ya kudai bei. Lakini mkulima alisikia amri tu. Bei ya kahawa duniani ilikuwa imeanguka miaka ile. Tena chama kililipa kwa mafungu: fedha kidogo wakati wa kupokea mzigo, na nyingine baada ya kahawa kuuzwa. Mkulima aliyemwona mfanyabiashara akitoa fedha taslimu njiani alijiuliza, "Zangu nyingine zimekwenda wapi?" Wengi hawakupata jibu la kuwaridhisha. Mwaka 1937 hasira ikafurika. Katika nchi kadhaa za mlimani watu walivamia na kubomoa maghala ya kupokelea kahawa, maghala yaliyojengwa kwa mali yao wenyewe.

Je, watu hawa walikuwa wamekataa kushirikiana? Wako waliosema hivyo. Sisi twaona sivyo. Watu wale wale walizibua mifongo pamoja mwaka ule ule. Walichokikataa ni kuitwa washirika hali hawakuulizwa, na kuambiwa kwamba chama ni chao hali hesabu zake hawazielewi. Nao pia walikosa, maana mwenye kubomoa ghala lake hujipiga mwenyewe. Lakini kosa lilianzia mahali pale ambapo neno lilitamkwa kwa maana ya kwanza na kutendwa kwa maana ya pili.

Muungano haukufa. Bei zilipopanda baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, na watu walipozoea kusoma hesabu na kuchagua kamati zao, KNCU ilipata nguvu na sifa hata nje ya Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1950 jengo lake kubwa lilisimama mjini Moshi. Mwaka 1963 chuo cha ushirika kilianzishwa mjini humo, nacho tangu mwaka 2014 ni chuo kikuu. Lakini somo lilirudi mara ya pili. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kununua mazao ikachukuliwa na mashirika ya serikali. Wanachama hawakuulizwa safari hii pia. Sheria ya mwaka 1982 ilivifungulia mlango tena, na KNCU ikarudi katika miaka iliyofuata.

Basi, ninyi wanafunzi, mkilitumia neno hili katika Kiingereza, tazameni kwanza ni nani asemaye na ni nani aambiwaye. Wanakijiji wawili wakijenga daraja, andikeni "co-operate", na mkifasiri semeni "walishirikiana". Askari akimwambia mshitakiwa "co-operate", msiseme "ashirikiane" msije mkachekwa. Semeni "atii" au "ajibu bila ubishi". Na barua ikija kijijini ikiomba "co-operation" yenu, isomeni mara mbili kabla ya kuifasiri, kwa kuwa mfasiri akikosea hapo atakuwa amewadanganya jirani zake bila kukusudia.

Nanyi wazazi mlio na vihamba, mkialikwa katika ushirika wowote, ulizeni kwa adabu mambo matatu. Nani ametunga masharti? Nani anashika hesabu, na je, twaweza kuzisoma? Fungu letu ni lipi, katika faida na katika hasara? Mkijibiwa sawasawa, ingieni kwa moyo wote, mlipe ada, mhudhurie mikutano, wala msiuze mzigo wenu njiani usiku. Kwa maana mwanachama aulizaye sana kisha asifanye kazi, naye hajalielewa neno.

Wako waliodhani kwamba mtu akitii bila kuuliza ndiye mshirika mwema. Wako pia waliodhani kwamba uhuru ni kila mtu kushika njia yake. Wazee wa mifongo hawakukubaliana na hao wala na hawa. Walikaa barazani wakabishana mpaka wakapatana, na asubuhi yake wakachukua majembe, wakapanda mlima kuzibua maji.