Kichakataji Kilipogeuzwa Hamali

Ukikutana na kompyuta ya miaka ya 1990 inayoduwaa kila inaponakili faili, usikimbilie kukilaumu kichakataji chake. Huenda kimefanywa hamali wa diski.

Mwaka 1983 kampuni ya IBM ilitoa PC XT, yenye diski ngumu ya megabaiti 10. Data ilitoka kwenye kidhibiti cha diski na kuingia katika kumbukumbu kwa njia ya DMA, yaani bila kupita mikononi mwa kichakataji. Mwaka uliofuata ikaja PC AT, na hapo wahandisi wakakirudishia kichakataji kazi ya uchukuzi. Usiwacheke. Kichakataji kipya, 80286, kilihamisha data upesi kuliko saketi ya DMA iliyokuwamo. Tena kompyuta za nyumbani wakati huo ziliendesha programu moja tu, hivyo kingekaa bure kikiisubiri diski. Kila sekta ilikuwa na baiti 512, nacho kilizibeba mbilimbili: safari 256 kwa sekta moja!

Diski za IDE zikaurithi mtindo huo. Programu kadhaa zilipoanza kuendeshwa kwa pamoja, zote zilisimama zikimngojea hamali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ultra DMA ikamtua mzigo, ingawa si daima: makosa ya uhamishaji yalipojirudia, Windows XP iliirudisha diski ngazi kwa ngazi hadi njia ya zamani, kimyakimya, na mara nyingine chanzo kilikuwa waya mbovu tu.