Cull, rubani wa majini aliyeangukia Rufiji 1915

Wadau, sisi wa Kibaha na Kisarawe tuko mkoa mmoja na Rufiji na Mafia, ila stori hii wengi hatuijui. John Tulloch Cull alikuwa rubani wa jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1915 alikuwa akiruka kutoka Mafia kuisaka Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Meli za Waingereza zilipiga mizinga bila kuiona. Cull alizunguka juu, mwenzake Arnold akituma kwa redio kila kombora limeangukia wapi.

Tarehe 11 Julai ndege yao ikapigwa. Huku wanashuka, Arnold bado anatuma vipimo! Wakaangukia mtoni, boti ya manowari Mersey ikawaokoa. Siku hiyohiyo Königsberg ikaisha.

Wote wawili walipewa nishani ya DSO. Wajerumani nao wakaopoa mizinga yao 10, Waafrika wakaiburuta nchi kavu vita viendelee. Hao majina yao yako wapi? Kama babu yako wa Rufiji alisimuliwa, muulize leo, uandike.